Chipu Iliyolala Zamu Yake

Majira ya baridi ya mwaka 2009, nilipokuwa nikiishi Leicester, nilinunua kwa bei ya kutupa mashine ya michezo ya Atari 2600, iliyokuja na katriji moja tu, nayo mbovu. Mashine hiyo ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1977, na kumbukumbu yake ya ndani ni baiti 128, ambazo hazitoshi hata kuhifadhi sentensi hii. Mchezo wenyewe hukaa ndani ya katriji. Niliamua kulitumia ganda la ile katriji mbovu kutengenezea katriji yangu, yenye programu niliyoiandika mwenyewe ya jahazi dogo, lenye upana wa nukta nane, linalovuka kioo kutoka kushoto kwenda kulia.

Nilichagua EPROM, yaani chipu ya kumbukumbu inayoweza kufutwa na kuandikwa upya, ya aina ya 2732, yenye baiti 4,096. Chipu hizo zina kidirisha mgongoni, na hufutwa kwa kuwekwa chini ya taa ya urujuanimno kwa dakika 20 hivi. Ya kwanza niliiua kwa mkono wangu: ilikuwa 2732A, inayotaka volti 21 wakati wa kuandikwa, nami nikaipa 25 za ndugu yake mkubwa, 2732 ya kawaida. Ya pili iliandikika vizuri. Nikakiziba kidirisha kwa karatasi, nikalehemu soketi, nikachomeka, nikawasha. Televisheni ikabaki nyeusi.

Kwa siku mbili nilipima meno yote 24 ya katriji bila kukuta waya uliokatika. Jumamosi nikaipeleka kwa mzee mmoja mzaliwa wa Unguja, fundi redio mstaafu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lete huyo mgonjwa wako." Alivaa miwani, akagusa mguu wa 18 kwa ncha ya bisibisi. "Huu umeuunga wapi?"

"Kwenye A12, mzee, njia ya anwani inayoiita katriji."

"Inaita kwa kupanda au kwa kushuka?"

"Kwa kupanda."

"Na chipu yako huamka kwa lipi?"

Nikanyamaza. Chipu za kiwandani zilitengenezwa ziamke volti ya njia hiyo inapopanda, ilhali EPROM huamka volti ya mguu wa 18 inaposhuka; kwa hiyo yangu ilikuwa ikilala kila prosesa ilipoihitaji, kisha ikaamka kupayuka katika zamu ya wenzake. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa waziwazi katika karatasi ya maelezo niliyoitumia kuwekea kikombe cha chai.

Mzee akatoa chipu ya 7404, ambayo kazi yake ni kugeuza ishara, akaigandisha chali pembeni mwa soketi, nami nikalehemu nyaya nne: umeme, ardhi, ishara inayoingia na inayotoka. Tulipowasha, jahazi likatokea, likaanza kukata maji.

Mzee akasogeza kiti karibu na kioo. "Mwanangu, mbona linakwenda kinyumenyume? Tanga hili limeelekea nyuma."

Nikachomoa chipu, nikabandua karatasi, nikairudisha chini ya taa.