Desemba ya Moshi na mtoto asiyetulia

Mwaka juzi tulipanda basi Mbezi alfajiri kwenda kula Krismasi Moshi. Hata Korogwe hatujafika, mwanangu ameshavua viatu na kupiga teke kiti cha mbele mpaka abiria akageuka: "Dada, huyu anahitaji fimbo." Ana miaka 8, ana ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kujizuia. Adabu anayo, breki ndizo hazishiki. Sikujibu. Nililia kimyakimya hadi Same.

Mwaka jana nikabadilisha mbinu. Tuliondoka tarehe 18, kabla stendi haijafurika. Kwenye daftari nikamchorea kila siku: leo basi, kesho kwa bibi, 25 kanisani halafu nyama. Kila jioni anakata siku kwa kalamu nyekundu. Dawa zake aliendelea nazo kama daktari alivyotuelekeza, likizo au si likizo. Kanisani tulikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Miguu ikianza kucheza, tunatoka kuhesabu magari. (Padri hakulalamika. Mawifi ndiyo walilalamika.)

Lakini kilichosaidia kuliko vyote ni kazi. Mama mkwe alimwita, "Babu, njoo unibebee majani ya ng'ombe." Akapiga safari saba kutoka kihambani (shamba la migomba la nyumbani), jasho linamtiririka, anaimba. Usiku ule alilala saa 2, sijambembeleza.

Tarehe 26 akamwaga ndoo nzima ya mbege, pombe ya ndizi, ya baba zake wadogo. Hiyo sikuwa nimeichora.