Cherehani ndiye yaya wangu

Hii ni habari ya kumlaza mwanangu mchana huku nashona. Nianze na walionishauri, maana hasira nao bado ninazo. Nilipojifungua Neema, kila aliyeingia kwenye kibanda changu cha ushonaji hapa Chang'ombe, Dodoma, alikuwa na neno. Mteja kaja kupimwa blauzi, anaacha ushauri. Mwingine kaja kuchukua suruali aliyopunguziwa kiuno, naye anaacha wa kwake. "Mama Neema, mpe maji mtoto, joto la Dodoma hili utamkausha." "Mkorogee kauji kepesi, atalala mpaka umsahau." Mtoto wa miezi miwili huyo! Nesi wa kliniki alishanimalizia hilo: maziwa ya mama sehemu kubwa ni maji, mpaka miezi 6 hahitaji kingine, hata Oktoba jua liwake namna gani. Joto likizidi, mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Basi, yameisha.

Lakini ulionikera kuliko wote ni huu: usimwache alale mchana, usiku hutamsikia. Aliyeuleta ni wifi yangu, na wifi kalea watoto watano, utambishia nini? Akatoka Mpwapwa mwenyewe kuja kusimamia zoezi. Neema akipiga miayo, anaimbiwa na makofi juu. Akifumba jicho, anapanguswa uso kwa kitambaa chenye maji. Akapelekwa Soko la Majengo kuonyeshwa nyanya. Aliporudi akapitishwa mikononi mwa majirani wote wa uani, kila mmoja anamrusharusha, na wifi pembeni anasema, "Mnaona alivyochangamka?" Kufika saa kumi jioni macho mekundu, analia mpaka pumzi zinakatika. Titi analishika, analiachia, analishika, analiachia. Na usiku sasa, ule usiku tulioahidiwa! Alilala vipande vipande hadi alfajiri. Asubuhi wifi, aliyekuwa chumba cha pili na ninajua alisikia yote, akasema ni upepo wa Dodoma huo umemsumbua. Akanywa chai, akapanda gari, akarudi zake Mpwapwa.

Mtoto aliyechoka kupita kiasi hashikwi na usingizi, anapigana nao. Ndiyo maana mimi mchana namlaza sana tu, na usiku wangu umekuwa bora.

Binamu yangu wa Dar naye alinitumia ratiba: nyonyesha kila baada ya masaa matatu kamili, katikati usimpe kitu. Niliibandika ukutani, kando ya picha za mishono. Haikufika mchana. Mtoto mchanga ananyonya mara 8 hadi 12 kwa usiku na mchana, na wangu alikuwa wa huko kwenye 12. Karatasi nikaigeuza nikachorea mkono wa puto.

Kilichonisaidia ni kuachana na saa ya ukutani nikashika mfuatano. Akiamka ananyonya, namcheulisha, anakaa macho kidogo tunapiga soga, analala. Akiamka tunaanza upya. Kunyonya kunakuja baada ya kuamka, si wakati wa kulala, maana akizoea kusinzia na titi mdomoni mimi nitashona na mikono ya nani? Usiku ni habari nyingine, usiku anasinzia anavyotaka.

Kwa miezi ile miwili mitatu alikuwa anavumilia kukaa macho kama dakika 60 hadi 90, muda wa kunyonya ukiwemo. Lakini usihesabu, mtazame. Neema akianza kukodolea ukuta na kunigeuzia uso ninapomchekesha, hapo ndipo pa kumlaza. Ukisubiri afikiche macho umeshachelewa. Njaa vilevile: anageuzageuza kichwa, anatafuna ngumi. Kilio ni cha mwisho kabisa. Na mchana usingizi ukipitiliza masaa mawili namwamsha anyonye, la sivyo yale maziwa atakuja kuyadai saa nane za usiku.

Analala chumba cha nyuma, kwenye kagodoro kagumu nilikonunua elfu thelathini na kitu, chali, chandarua juu, bila mto. Vipande vya vitambaa nimevihamisha vyote, maana fundi nyumba yake ni vitambaa mpaka kitandani. Dirishani nimeweka mabaki ya kitambaa cheusi cha suti. Shida ni saa sita mchana. Bati lile halina dari, chumba kinakuwa tanuri. Usingizi wa wakati huo unahamia chini ya mwarobaini uani, mwanafunzi wangu anakaa naye huku anatia vifungo. Julai na Agosti upepo wa vumbi unapovuma hapafai, hapo namfunga mgongoni kwa kitenge, naendelea kupima watu.

Sasa cherehani. Niligundua kwamba nikishona, Neema analala. Nikisimama kupiga pasi, anaamka. Nikipima mtu kifua, anaamka. Cherehani yangu ni ya kupiga kwa mguu, ina ule mlio wa trrr, kimya, trrr, na mtoto aliusikia tangu yuko tumboni. Mwanzo nilimwambia mwanafunzi wangu akalie kiti kila ninaponyanyuka, ashone hata mabaki. Alishona mikoba ya vipande mpaka tukaanza kuiuza. Lakini mguu unachoka, na uzi nao ni hela. Siku moja nikachukua simu yangu ya zamani iliyopasuka kioo, nikairekodi cherehani nusu saa nzima, nikaiweka ijirudie. Naitundika mbali na mtoto, ng'ambo ya chumba, sauti ndogo. Analala!

Faida nyingine sikuitegemea. Kuna dada mmoja alikuwa ananifuata kila siku kuhusu gauni lake la sendofu. Siku hiyo kafika mlangoni, kasikia cherehani inalia huko ndani, akamwambia mwenzake, "Twende, tusimsumbue, ananimalizia langu." Mimi niko uani nakula ubuyu. Gauni lake lilikuwa halijakatwa hata mkono. (Alilivaa, tena lilimpendeza, na hela akamalizia.) Majirani Jumapili wananipa pole kwa kazi nyingi, nami napokea.

Hata hivyo ninaizima mara nyingine, hasa usingizi wa asubuhi ambao ni mwepesi kumshika, asije akashindwa kulala siku tukisafiri.

Sasa yuko miezi mitano, usingizi mfupi mfupi umepungua, umebaki wa asubuhi, wa mchana, na ule wa jioni ambao ndio unanisumbua. Jirani ana grosari, ikifika saa kumi na moja anafungulia muziki, na kisimu changu hakifui dafu kwa spika zile. Namfunga mgongoni tunakwenda kununua mchicha mtaa wa tatu, ingawa karibu kuna genge. Akisinzia narudi polepole kwa njia ya nyuma, nisikutane na mwenye shati la Ijumaa.