Madoadoa
Mwaka 2022, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, nilikuwa nasimamia kikundi kidogo cha kuweka lebo kwenye jumbe za mitandaoni. Kila ujumbe ulisomwa na watu watatu, na kila mmoja akaupa lebo yake: chuki, matusi au kawaida. Wawili wakikubaliana, wa tatu kashindwa. Lugha ikiwa na data kidogo, mashine hufundishwa kutambua chuki hivyo, kwa kura.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kuangalia kappa, kipimo cha jinsi waweka lebo wanavyokubaliana ukishatoa kile ambacho kingetokea kwa kubahatisha tu. Yetu ilikuwa chini, aibu tupu. Nikapitia safu ya mmoja mmoja mpaka nikampata mchawi: mama tuliyemwita Shangazi, mkubwa wetu sote kwa umri. Huyu alikuwa akiona chuki mahali ambapo sisi hatukuona kitu. Nikampigia simu nikiwa nimeshapanga maneno ya kumwondoa kwa heshima.

Alinisikiliza mpaka mwisho. “Fungua mmoja tu, tuutazame pamoja.”

Nikaufungua uliokuwa karibu: *Mwaka huu tunafua shuka letu mpaka madoadoa yatoke.* Mimi na mwenzangu tulikuwa tumeupa kawaida, yeye chuki. Nikacheka kidogo (kicheko hicho bado kinanisumbua) nikamwambia kwamba hata tulipoutafsiri kwa Kiingereza na kuupitisha kwenye modeli ya Kiingereza, yaani mashine iliyokwisha kufundishwa kwa lugha hiyo, ulitoka safi kama tangazo la sabuni.

Kimya. Kisha akauliza, “Mwaka 2007 ulikuwa wapi, mwanangu?”

“Darasa la tatu, Shangazi.”

“Sisi tulikuwa Bonde la Ufa. Ndio tuliofuliwa.”

Takwimu nilizijua: zaidi ya watu 1,100 waliuawa baada ya uchaguzi ule. Nilichokuwa sijui ni kwamba neno la doa kwenye nguo lilikuwa limetumiwa kwa majirani wa kabila jingine, watu wenye nyumba na makaburi ya wazazi wao palepale. Hakuna tusi ndani yake. Mashine iliyozoea kunusa matusi italiruka, na ukilitafsiri ndiyo kabisa, maana tafsiri hubeba doa ikaacha waliomaanishwa. Mchochezi mzoefu hatukani. Anaongea habari za usafi.

Mwaka huohuo wa 2022 NCIC, tume ya Kenya ya uwiano na utangamano wa kitaifa, ilitangaza orodha ya maneno ya chuki, na madoadoa yamo. Lakini sisi hatukuhitaji kungoja orodha ya mtu. Aliyejua alikuwa kwenye kikundi chetu tangu siku ya kwanza, na kila alipoandika chuki, kura zetu mbili zilimfuta. Modeli yetu ilikuwa ikifundishwa kutojua, na mwalimu wake ni mimi.

Sikujua niseme nini. Nikamwomba radhi, akaipokea haraka haraka kama mtu mwenye jambo jingine.

“Na ule wa kung’oa kwekwe kabla ya mvua,” akasema. “Wewe uliupa nini?”

Nikautafuta. Nilikuwa nimeupa kawaida, na kwenye nafasi ya maoni nimeandika neno moja: *kilimo*.