Vile wamama wa mtaa walichora ukuta wetu Eastleigh
Mimi ni fundi wa rangi, nimechora matatu miaka mingi, na ukuta wa kwanza wa mtaa niliopewa hapa Eastleigh, Nairobi, niliukosea kabla hata sijafungua mkebe. Nilienda na mchoro tayari, sura tano za watu wa makabila tofauti wakitabasamu, nikawaonyesha wazee nikidhani watafurahi. Mzee mmoja akaniambia kwa upole, kijana, huu ukuta unaangaliana na msikiti, hatutaki sura za watu hapo, na mbona hukutuuliza? Iliniuma, maana alikuwa na haki.

Wiki iliyofuata tukaomba kila nyumba ilete kitu kilichofumwa au nguo wanayoithamini. Mama mmoja Msomali akatoa alindi, kile kitambaa cha kufumwa cha Kisomali, ya marehemu mamake kwa sanduku, imekunjwa vizuri, bado inanukia ubani, jirani yake Mkamba akaja na kiondo, mwingine leso, dada wa Kiethiopia akaleta shuka nyeupe yenye mapambo ya tibeb ukingoni, na wakaanza kuulizana wenyewe hii imefumwaje, hii mnavaa siku gani, mimi nikabaki kuandika tu. Mchoro wote ukatoka hapo.

Sasa, hawa wamama hawangepanda jukwaa la kuchorea barabarani, na mchana wako biashara. Kule Philadelphia, Marekani, mradi wa michoro ya ukutani uitwao Mural Arts, ulioanza 1984, huwa wanachora kwa kitambaa ndani ya nyumba halafu wanabandika ukutani na jeli ya akriliki inayoshika kama gundi, basi nikatafuta ile polista nyepesi mafundi wa nguo huweka ndani ya kola, nikaikata vipande, nikachora mistari na kuandika namba, moja nyekundu, mbili kijani, hivyo hivyo. Wakapaka jioni uani kwa ploti, watoto wakiwamulikia na simu.

Kubandika ndio kazi jamani. Ukuta ukauke kabisa, usuguliwe, upigwe andakoti, ile rangi ya kwanza ya chini, halafu jeli unapaka ukutani na juu ya kitambaa pia, unasukuma hewa kutoka katikati kwenda pembeni. Kona moja tuliiharakisha, mvua ya kwanza tu ikavimba.

Mikokoteni hukwaruza pale chini kila mara. Rangi iliyobaki iko kwa kioski ya yule mama wa leso, yeye ndiye anaamua nani atarekebisha wapi, na juzi amenipigia nipeleke brashi ndogo, kiondo kimechubuka.