Kameamka huku nakaangalia

Jamani, leo chai imenipita nikiwa nimeng'ang'ania hadubini.

Niko Zagreb, Kroatia, kwenye mkutano wa kimataifa wa rotifa. Ni vinyama vya majini, vingi havifiki hata nusu milimita. Wataalamu wake walianza kukutana hivi mwaka 1976 kule Lunz, Austria. Watu wazima wanabishana mpaka jasho kuhusu taya za mnyama usiyemwona kwa macho! Raha tupu.

Basi, mezani palikuwa na vumbi kavu la mfereji wa paa. Likadondoshewa maji.

Tukangoja.

Kichembe kimoja, kumbe rotifa aliyekauka, kikavimba, kikajinyoosha, kikatoa kichwa. Vinyweleo vikaanza kuzunguka kama feni mbili. Mwili wake unapenya mwanga, nikaona hadi taya zinavyosaga ndani.

Na huyo ni jike. Kwa bdeloidi, kundi la rotifa alimo huyu, dume halijawahi kuthibitishwa. Mwaka 2021 wanasayansi walitangaza kuwa waliwaamsha wengine waliokaa kwenye udongo ulioganda Siberia miaka kama 24,000. Nani atanilaza leo?

Watu wa Nakuru, ziwa lenu linazo rotifa. Mwenye hadubini huko atupie picha hapa, tafadhali.