Maziwa yanaenda wapi

Ijumaa, saa tano usiku. Nilijiambia hili sitaliandika kwa sababu ni dogo na mimi ni mtu mzima, ila leo ni siku ya tano na bado linanikaba, kwa hiyo wacha niliandike nilale.

Ilikuwa Jumapili jioni, baada ya kipaimara cha mkubwa wetu (kilienda vizuri sana, asanteni mliochangia, picha zitakuja). Watu wameshakula pilau, wageni wengi wameondoka, sebuleni tumebaki wa ndani tu, mama mkwe, mashemeji, na yule jirani ambaye anabakigi mpaka mwisho hata kwenye vikao visivyomhusu. Mimi nimevaa lile gauni la kitenge la bluu, mnalijua, fundi kashalipunguza mara mbili tangu mwaka juzi. Basi wifi, yule wa Tukuyu mwenye ng'ombe, akaniangalia kuanzia kwenye ndala mpaka kwenye kilemba, akasema kwa sauti yake ya kawaida kabisa:

"Wifi, hivi haya maziwa ninayokuletea yanaenda wapi?"

Watu wakacheka. Jirani alicheka kuliko wote. Na mimi nikacheka, alafu nikajibu, "Yanaenda tu, wifi."

Yanaenda tu. Mtu mzima, nina stationari, nina watoto watatu, jibu langu ndo hilo.

Sasa kusema kweli ana haki ya kuuliza. Kila Jumamosi dumu la lita tatu linapanda Coaster kutoka Tukuyu, konda analishusha mbele ya duka langu Mwanjelwa, hapa Mbeya, na sijawahi kudaiwa hata senti. Mtu akimwaga maji kwenye bustani miaka miwili na haoni mchicha lazima ataulizia. Ila si mbele ya jirani!

Jumatatu nzima nilikuwa natunga majibu. La kwanza lilikuwa la chooni, nimelifuta, halifai. Jumanne mashine ya fotokopi ikafa rasmi, fundi akasema nisipoteze hela yangu tena, nikakopa kikoba nikachukua nyingine iliyotumika, na wakati fundi anaendelea kunieleza habari za drum mimi nipo mbali kabisa, kichwani namweleza wifi habari za utumbo wangu.

Ningemwambia hivi. Wifi, maziwa yanafika tumboni vizuri tu, shida iko huko mbele. Kalsiamu inafyonzwa kwa nguvu zaidi mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na ili ifyonzwe vizuri inahitaji vitamini D iifungulie mlango. Vitamini D yenyewe inasafiri na mafuta. Sasa mimi Crohn, ule ugonjwa wa uvimbe wa utumbo usioisha, imenikalia mwishoni mwa utumbo mwembamba, pale pale ambapo nyongo inatakiwa inyonywe irudi kwenye ini itumike tena, na ndo pale pale vitamini B12 inapofyonzwa, ndo maana nachomwa ile sindano niliyoiandikia malalamiko kurasa mbili. Nyongo isiporudi, mafuta hayashughulikiwi inavyotakiwa, na mafuta yaliyokosa pa kwenda yanaikamata kalsiamu yanatoka nayo nje. Kwa hiyo umeuliza yanaenda wapi, wifi, kumbe lile jibu la kwanza nililolifuta ndo lilikuwa sahihi.

Alafu kuna zile prednisoloni, vidonge vya kutuliza uvimbe. Wa zamani humu mnajua safari yangu, miezi sita ya dawa za TB ya tumbo kwanza, maana TB ya tumbo na Crohn zinafanana kwenye picha, mpaka kamera ilipoingizwa tumboni ndo ikajulikana ni Crohn. Prednisoloni ziliniokoa, sitazisema vibaya. Ila kila siku mfupa unabomolewa kidogo na kujengwa kidogo, na prednisoloni inawachosha wajenzi huku wabomoaji wanaendelea na kazi, na uvimbe wa utumbo wenyewe nao unawachochea wabomoaji hao hao. Miezi ya mwanzoni ndo mbaya zaidi. Na pale nilipoanzia matibabu hakuna aliyenambia neno mifupa. Nilipewa vidonge, nikaambiwa nile kwanza ndo nimeze, basi.

Na kinachonichoma ni kwamba miezi hiyo hiyo ndo watu walikuwa wananisifia. Uso ulivimba kwa zile dawa ukawa duara kabisa, mashavu yanang'aa, kanisani kila mtu "mama umenawiri, Mungu ni mwema." Wifi huyu huyu alinishika shavu akasema maziwa yameonekana! Yaani wakati mifupa inakwisha ndo nilionekana mzima, na sasa hivi nimeshushiwa dozi, utumbo umetulia, nakula usipa wa Kyela natafuna na miiba yake yote, kalsiamu nameza na chakula, vidonge vya kuongeza damu, vya madini ya chuma, nameza saa nyingine kabisa kwa sababu vikikutana vinagombania njia, chai nimeitenga na chakula (mtu ameolewa Rungwe, chai inaota mpaka dirishani, anaambiwa asinywe na chakula), sasa hivi ndo naulizwa yanaenda wapi.

Kipimo cha wingi wa mifupa cha Januari, nilichofuata Dar, kutwa nzima kwenye basi kwenda kulala kwenye mashine dakika kumi, kilitoka -2.1. Sikuwaandikia wakati ule kwa sababu sikuwa nimekielewa. Kwa mwanamke wa miaka 36 ambaye bado anaona siku zake hawakulinganishi na msichana, wanakulinganisha na wanawake wa umri wako, na ukifika -2 kushuka chini wanasema uko chini ya kinachotarajiwa. Nilichofanya kwenye basi wakati wa kurudi ni kuwaza hao wenzangu wa umri wangu ni akina nani. Nikawapitia mmoja mmoja, niliosoma nao, wa kwaya, wa kikoba. Wote wamenizidi mifupa.

Jumatano sikumbuki kitu. Mvua tu, mlima Loleza hauonekani tangu Jumatatu, na jua ambalo nimeambiwa nikae nalo kwa ajili ya vitamini D liko huko juu ya mawingu linawaka peke yake. Nilimuuliza baba watoto, "Hivi wifi alimaanisha nini?" Akasema, "Alimaanisha maziwa." Wanaume.

Sasa jana. Natoka kununua karatasi, rimu mbili mkononi, mvua imekatika muda mfupi tu, nikaruka ule mtaro wa pale kwenye kona ya vitunguu kama ninavyoruka siku zote, mguu ukaenda na njia yake, nikakaa chini pwaa! Rimu nimezinyanyua juu kama mtoto anayebatizwa, hazikuguswa hata na tone. Nikabaki nimekaa. Kijana mmoja wa mkokoteni akaja mbio.

"Pole mama, nyanyuka basi, unalowa."

"Ngoja kwanza nahesabu."

"Unahesabu nini?"

"Mifupa."

Akanitazama, akageuka nyuma kama anatafuta mtu mwingine wa kusaidiana naye kunibeba. Mimi kweli nilikuwa nahesabu. Nyonga, mgongo, vifundo vya mikono, ndo sehemu nilizoambiwa zinavunjika kwa wepesi. Nikakunja kiganja cha kulia, cha kushoto, nikainua goti, nikajipindua kidogo. Hamna kitu. Nikaanza kucheka hapo hapo kwenye matope, wauza vitunguu nao wakacheka bila kujua wanachekea nini, yule kijana akazichukua rimu akanisindikiza mpaka dukani na akakataa hela ya soda.

Najua kuanguka mara moja sio kipimo. Kipimo kinarudiwa mwakani na kitasema chenyewe. Na paja la kushoto limekuwa la zambarau, leo siku nzima nimehudumia wateja nimesimama. Ila furaha niliyokuwa nayo jana sijawahi kuipata hata nilipofaulu fomu sita, jioni nilipika kwa kuimba, watoto wakaulizana mama kapewa nini.

Usiku ndo nikashindwa kulalia upande wangu, nikalala kifudifudi, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya nikairudia tena Jumapili, mara ya mia sasa. Kilemba, ndala, sauti yake, kicheko cha jirani. Na safari hii nikaona kitu ambacho siku zote hizi nilikuwa nakiruka. Alipouliza, wifi alikuwa ameshika jagi. Alikuwa ananimiminia mimi. Mama mkwe amekaa pembeni yangu na kikombe chake kitupu, na wifi akaanza na changu, akajaza mpaka juu, ndo akauliza, ndo akahamia kwa mama yake. Mama mkwe na yeye hakusema kitu, na mnamjua kwa kusema.

Au najitungia? Inawezekana kikombe changu kilikuwa karibu tu. Nimejaribu kukumbuka meza ilikaaje, nani alikuwa upande gani, nashindwa. Baba watoto nimemuamsha kumuuliza jagi lilianzia wapi, akasema nilale.

Kesho ni Jumamosi, Coaster inafika saa nne nne hivi. Huwa namtumia wifi meseji "yamefika, ndaga fijo" (asante sana, kwa Kinyakyusa) basi. Kesho labda nipige. Sijui nitasema nini, habari za nyongo kwa simu hapana.

Kinachonisumbua sasa hivi ni yule kuku mwekundu. Leo ni siku ya 23 amelalia, mayai tisa, na hakuna hata moja lililogongwa kwa ndani. Ishirini na moja ndo siku zake. Nimetoka sasa hivi na tochi, nimeyamulika mawili, nikaona kivuli, sijui ni kifaranga au ni yai limeharibika, kuku akanidonoa, nikayarudisha.