Yai la siku tatu

Binti yangu kaniuliza jana kwa nini mjomba Elia anatembea na magongo. Nikamwambia alizaliwa na mgongo wazi. Akaridhika, akaenda zake kucheza. Mimi nikarudi kidato cha tatu, Moshi, baridi ya Julai.

Mwalimu wa baiolojia alikuja na yai lililoatamiwa siku tatu. Akaliweka kwenye bakuli, akalikata ganda kwa juu na mkasi mdogo, taratibu mno. Tukabanana mezani. Juu ya kiini palitanda mishipa myembamba ya damu, na katikati nukta nyekundu ilikuwa inadunda. Inadunda kweli! Zamu yangu ya lenzi ilipofika nikauona mwili wenyewe, umejipinda, unapenya mwanga, karibu wote ni kichwa, na kichwani vivimbe vimefuatana.

"Huo ndio ubongo," akasema Mwalimu. "Ulianza bapa, kingo zikajikunja kama jani la mgomba lililopigwa jua, zikakutana, ukawa mrija. Na kila seli hapo ina jeni zilezile, ya kichwani na ya mkiani. Kinachotofautiana ni zipi zimeamshwa, wapi, na wakati gani."

Nikauliza, kingo zisipokutana?

"Kwa binadamu mrija huwa umefunga kufikia siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Usipofunga upande wa mgongo, mtoto huzaliwa na mgongo wazi."

Baadaye nilisoma mengi, hata ile jeni ya Sonic hedgehog, ambayo protini yake husambaa kutoka chini ya mrija, na seli hujua ziwe neva za aina gani kwa kiasi zilichopata. Lakini nililolibeba kwenda nyumbani ni siku ya 28. Kwetu walishasema mgongo wa Elia ni laana, wengine wakasema Mama alibeba kuni nzito mimba ikiwa kubwa.

Nilimkuta anapukuchua mahindi, nikamweleza.

"Kwa hiyo yalishatokea kabla sijajua nina mimba?"

"Ndiyo, Mama. Kuni hazihusiki. Wanasema vitamini iitwayo asidi ya foliki husaidia kuzuia, iko kwenye maharage na mboga za majani."

Akapukuchua gunzi zima.

"Mwaka ule tulikula ndizi tupu."

Nilikuwa nimekwenda kumtua mzigo. Nimemwambia tangu hapo, tena na tena, kwamba hata wanaomeza mikrogramu 400 za asidi hiyo kila siku tangu kabla ya mimba wapo wanaopata mtoto kama Elia, na jeni zina sehemu yake. Hujibu kwamba amesikia.